Mashati ya Bwana wa Ngome

Siku niliyokutana na Strahd von Zarovich nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili, na koti sikulivua hata ndani ya nyumba. Ilikuwa Januari 2002, mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya madirisha ya chumba cha chini tulimokaa watu sita kuizunguka meza. Nilikuwa na miezi mitano tu tangu nitoke Tanga. Jirani yangu wa bwenini alikuwa ameniambia kuna mchezo wa kusimuliana hadithi, na neno hadithi ndilo lililonitoa kitandani.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Msimulizi anabeba dunia yote iliyobaki: mvua, mbwa, mwenye duka, adui. Jambo likiwa gumu, dadu yenye pande 20 inatupwa, na inaamua. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, na kampuni iliyouchapa ilikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa kusini mwa jimbo lilelile tulilokuwemo. Jirani yangu aliutaja mji huo kwa heshima, kama mtu wa kwetu anavyotaja mahali alipozikwa mzee wa ukoo.

Alikuwa na kijitabu cha zamani, Ravenloft, cha mwaka 1983. Kurasa zake ni 32 tu, kazi ya mume na mke, Tracy na Laura Hickman. Tracy amesimulia kilichowasukuma. Siku moja alikuwa akicheza ndani ya mapango ya kubuni ya rafiki yake, akafungua mlango wa chumba, akamkuta mnyonya damu amesimama tu, kama samani. Akajiuliza huyu anafanya nini humu. Alirudi nyumbani na swali hilo, na yeye na mkewe wakaanza kumjengea mnyonya damu nyumba inayomstahili: bonde la Barovia lililofungwa na ukungu, kijiji chenye hofu chini, na ngome juu ya jabali.

Kilichonishika zaidi ni karata. Katika kijitabu kile yupo mama mmoja mpiga ramli, na msimulizi huchanganya karata kweli, mezani, wachezaji wakiona. Karata zinaamua silaha za kumshinda Strahd zimefichwa wapi, yeye mwenyewe atakutwa chumba gani, na hata usiku ule anataka nini. Kwa hiyo meza mbili zinaweza kupambana na bwana mmoja, mwenye sura ileile na jina lilelile, lakini haja zake zikawa tofauti kabisa.

Tulipotoka usiku ule tukatembea kuelekea bwenini, mvuke ukitutoka midomoni, kila mmoja akimtungia Strahd maisha yake ya nyuma. Mmoja alisema alikuwa tabibu aliyeshindwa kuzuia tauni. Mwingine akasema hakuwahi kuwa mtu, ni ngome yenyewe iliyojifunza kutembea. Mimi nilisema alidhulumiwa urithi na baba zake wadogo, kwa sababu mtaani kwetu Ngamiani palikuwa na nyumba iliyofungwa miaka mingi kwa kesi ya mirathi, na nikiwa mtoto niliiogopa kuliko makaburi. Tulibishana mpaka mlangoni. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile katika nchi ile.

Majuma kadhaa baadaye tulikipata kitabu cha Strahd mwenyewe, shajara aliyoiandika kwa mkono wake. Anaeleza kwamba alikuwa mpiganaji, ujana wake ukaishia vitani. Ndugu yake mdogo, Sergei, akaja kuishi naye, akiwa bado kijana, naye akampenda msichana wa kijijini, Tatyana. Strahd naye akampenda. Akafunga mapatano na mauti. Siku ya harusi akamuua ndugu yake. Tatyana alipomkimbia alijirusha kutoka kwenye kuta za ngome, na mishale ya walinzi ikamchoma Strahd, asife.

Msimulizi alisoma taratibu, taa imepunguzwa. Mimi nililia. Mhusika wangu alikuwa kasisi, na ndiye aliyeshika upanga wa jua, silaha pekee iliyokuwa na uwezo wa kummaliza upesi. Tulipomkuta hatimaye, nikasita. Nikasema kasisi wangu anataka kwanza kuzungumza naye. Wawili kati yetu walikufa kwa sababu ya mazungumzo yale.

Mmoja wa waliokufa alikuwa binti aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikunja karatasi ya mhusika wake bila hasira, akaniuliza: na Tatyana je, shajara yake iko wapi? Sikuwa na la kumjibu.

Nilirudi nyumbani mwaka 2005, nikapata kazi Dar es Salaam, nikapanga chumba Sinza. Baada ya mwaka hivi nilikuwa na meza yangu mwenyewe. Tulikuwa watu watano, Jumamosi jioni, feni juu, dadu za plastiki nilizokuja nazo katika soksi, na hadithi yote kwa Kiswahili. Nilitaka adui wangu mwenyewe, si wa kijitabu. Nikamtunga bwana asiye na jina, anayeishi katika ngome ya mawe juu ya mji wa wavuvi, katika nchi isiyo na ramani.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilinunua kaunta buku, nikamwandikia bwana yule historia ya kurasa 40. Utoto wake, mwalimu aliyempiga, mke aliyekufa akijifungua, safari ya kwenda kutafuta dawa, laana. Niliandika usiku baada ya kazi na nilimpenda kwa dhati. Tulicheza miezi minane. Wachezaji wangu walipambana, walitoroka, walichoma lango la ngome, na hawakugusa hata ukurasa mmoja wa niliyoyaandika. Mwishoni sikuvumilia. Bwana yule alipokuwa anakufa nilimpa hotuba, nikasoma kaunta buku kwa sauti karibu nusu saa. Wenzangu ni watu wenye adabu. Walinisikiliza wote, mmoja akiwa ameshika dadu kiganjani muda wote huo, hajui pa kuiweka.

Nilipomaliza, rafiki yangu mmoja, fundi umeme mzaliwa wa Muheza, aliniuliza kwa upole kabisa:

“Kaka, mimi tangu siku ya kwanza nilijua huyu ni mumiani. Sasa niambie, nani alikuwa anamtuma?”

Nilimjibu hatumwi na mtu, yeye ndiye bwana. Akatikisa kichwa. “Damu yote ile ilikuwa inakwenda wapi?”

Neno mumiani sikuwa nimelifikiria hata mara moja kwa miaka yote ile. Nilijua mnyonya damu ni mambo ya Ulaya, mwenye joho na jeneza, na mumiani ni mambo ya bibi yangu, ya kututishia tusicheze nje baada ya magharibi. Katika akili yangu walikaa nyumba mbili zisizopakana.

Idi ya mwaka ule nilikwenda Tanga nikamkalisha bibi uani, chini ya kamba ya nguo, nikamwomba anisimulie. Yeye alikuwa kigori enzi za Mwingereza. Alisema jua likishuka mama yake aliwaingiza ndani wote, maana gari la mumiani halina taa. Wanaochukuliwa ni wale wanaotembea peke yao: mgeni, mlevi, mfanyakazi aliyechelewa kutoka shambani. Sikukatiza maneno yake mpaka alipofika mahali nilipotaka kujua zaidi, nikamuuliza: huyo mumiani alikuwa nani hasa, alipatwa na nini hata akawa hivyo?

Bibi alinitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya mawingu.

“Kupatwa na nini? Alikuwa mwajiriwa, baba. Ana mshahara wake, ana zamu yake. Hatukuuliza kilichompata. Tuliuliza kaajiriwa na nani.”

Baadaye nilipata kitabu cha mwanahistoria Luise White, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, nikaona bibi yangu alikuwa na wenzake wengi. White aliwasikiliza wazee wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda, akasoma na kumbukumbu za serikali ya kikoloni. Huku watu walisema mumiani, kwingine wazimamoto, kwa sababu iliaminika wanyonya damu wanafanya kazi na kikosi cha zimamoto, na gari lao jekundu ndilo linalokusanya watu usiku. Katika masimulizi yale kuna wakubwa na wadogo kazini, kuna malipo, kuna siri ya kazi. Anayenyonya ni mtu wa kawaida, mara nyingi Mwafrika mwenzako aliyepata ajira. Neno mumiani lenyewe lilitoka mbali. Kamusi aliyoisimamia Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inaeleza ni dawa nyeusi kama gundi, ya kupaka na ya kunywa, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi, na inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa. Yaani jina la dawa likawa jina la anayeitafuta. Bidhaa ilimtangulia mtu.

Nikarudi kwenye vitabu vya Ulaya kwa jicho hilo, na nikaona jambo lililokuwa wazi siku zote. Mwaka 1816, baada ya volkano ya Tambora kule Indonesia kuharibu majira, mvua iliwafungia ndani kundi la Waingereza waliokuwa wamepanga kando ya ziwa la Geneva, Uswisi. (Geneva ile na Lake Geneva ya Wisconsin: nilipoligundua jina limejirudia nilifurahi kama mtoto.) Katika kundi lile alikuwemo mshairi Byron na daktari wake kijana, John Polidori. Mwaka 1819 hadithi ya Polidori ilichapishwa London kwa jina la Byron. Humo ndimo alimozaliwa mnyonya damu wa kibwanyenye, Lord Ruthven, na Ruthven hana historia hata chembe. Anatokea tu katika karamu za wakubwa. Tunaiona kazi yake kwa watu anaowaharibu.

Bram Stoker naye, katika maandishi yake ya mwanzo, alimwita bwana wake Count Wampyr. Jina Dracula alilikuta mwaka 1890 katika kitabu cha maktaba huko Whitby. Na riwaya ilipotoka mwaka 1897, ilikuwa imeundwa kwa shajara, barua na vipande vya magazeti vya watu wengine. Kalamu hapewi Dracula. Anajigamba kidogo kwa mgeni wake kuhusu mababu zake wapiganaji, basi, na hata hayo tunayasoma kwa mwandiko wa mgeni.

Kisha polepole kalamu ikahamia mkononi mwake. Mwaka 1976 Anne Rice alimkalisha mnyonya damu mbele ya kinasa sauti ajieleze usiku kucha. Mwaka 1983 ikaja shajara iliyoniliza. Mwaka 1991 ulitoka mchezo mwingine, Vampire: The Masquerade, ambamo wachezaji wenyewe ndio wanyonya damu, na ukoo wao unarudi hadi kwa Kaini aliyemuua nduguye. Mwaka 1993 P. N. Elrod aliandika riwaya nzima kwa nafsi ya kwanza ya Strahd. Nimevisoma vyote na sijutii. Lakini kadiri yeye alivyozidi kusema, ndivyo kijiji kilivyozidi kunyamaza, na mimi na kaunta buku yangu tulikuwa tumekwenda na mkondo huohuo bila kujua.

Siku ile uani bibi alinirudishia maswali. Nilikuwa nimemweleza mchezo wetu kadiri nilivyoweza, na alielewa upesi kuliko nilivyotegemea, kwani yeye ndiye aliyetulea kwa hadithi.

“Huyo bwana wako ana ngome?”

“Ndiyo, bibi.”

“Anakunywa damu kila usiku?”

“Karibu kila usiku.”

“Mashati yake anafua nani?”

Baba yake bibi alikuwa dobi wa Wazungu kule Raskazone. Alijua nani mgonjwa, nani mlevi, nani halali nyumbani kwake, yote kwa nguo. Bibi aliniambia damu hutoka kwa maji baridi na chumvi, na ukitia maji ya moto umeigandisha, haitoki tena. “Kwa hiyo anayemfulia amejifunza,” alisema. “Hawezi kusema hajui. Wapelekeni wenzako kwa dobi.”

Nilirudi Sinza nikaiweka kaunta buku chini ya kitanda. Adui wa pili nilimtunga bila kumwandikia yeye hata mstari. Niliandika walio karibu naye. Mlinda lango anayelipwa kwa mbegu za mtama, na jinsi wanawe walivyo wanene katika mwaka wa njaa. Karani anayeandika majina ya wageni wanaolala mjini. Seremala aliyetengeneza kitanda kisicho na godoro na hakuuliza. Na dobi, mwanamke, ambaye sikumpa maneno mengi. Nilimpa daftari.

Daftari lile nililitengeneza kweli, kwa karatasi niliyoichovya kwenye chai ya rangi na kuianika. Kila mwezi una mstari wake: mashati saba, mashati tisa, mashati nane. Katikati ya mwaka kuna mwezi wenye shati moja tu. Na mwezi unaofuata, mashati 14, kisha kwa wino tofauti: gauni moja, la mtoto, halikurudishwa.

Nawakumbuka wachezaji wangu walivyoinama juu ya karatasi ile. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa ya kuchaji, na sauti ya jenereta la jirani ndiyo pekee iliyosikika. Fundi wa Muheza aliweka kidole kwenye shati moja. Alisema mwezi huo bwana alikuwa amejizuia. Mwenzake, mwalimu wa sekondari, akasema hapana, mwezi huo watu walimkatalia, na mwezi uliofuata walilipia. Wa tatu hakuitazama hesabu kabisa. Aliuliza kwa nini dobi aliandika gauni, wakati hakulipwa kwa gauni. Wakabishana mpaka saa saba usiku, nami niliyeandika maneno yale sikujua gauni ni la nani. Niliketi nikiwasikiliza wakimtungia bwana yule historia, kama sisi sita tulivyofanya katika theluji ya Madison, ila safari hii kila historia ilianzia kwa mtu aliyebaki bila mtoto wake. Tulipoagana nilimkumbuka binti wa uuguzi na swali lake.

Mwaka 2016 kilitoka kitabu kikubwa, Curse of Strahd, kilichoongozwa na Chris Perkins kwa kushirikiana na akina Hickman. Mwenzangu aliyesafiri aliniletea. Katika utangulizi Tracy Hickman anarudi hadi kwa Polidori na kukumbusha kwamba mnyonya damu alianza kama onyo juu ya mtu anayetafuna maisha ya wengine, kabla hajageuzwa kuwa mpenzi wa kuonewa huruma. Nilisoma nimesimama mlangoni, mzigo haujafunguliwa wote. Ndani yake Tatyana amezaliwa upya kwa jina la Ireena, na Strahd anamtafuta tena kama alivyomtafuta awali. Sikusita safari hii nilipomwendesha. Nilimpa adabu, sauti ya chini, mkono mzuri wa kumwaga mvinyo, na mezani hakuna aliyemwamini, kwa kuwa kabla ya kufika kwake walikuwa wamepita kijijini nyumba kwa nyumba.

Bibi alifariki 2019. Nyumba yake ya Ngamiani sasa anakaa dada yangu na watoto wake. Mwaka jana nilipokwenda, mpwa wangu wa miaka 15 aliniambia ameanza kuwasimulia wenzake mchezo, na adui wake ni bibi mmoja mnyonya damu anayeishi katika shamba la mkonge lililoachwa, karibu na reli ya zamani. Aliniuliza ampe historia gani. Nilimwambia nitakaa pembeni nisikilize.

Walikaa uani watoto watano, juu ya mkeka. Alisimulia vizuri: majani ya mkonge yaliyokauka, mtambo wenye kutu, dirisha moja lenye mwanga. Mdogo wake wa miaka 10, aliyekuwa analala chumba kimoja na bibi hadi mwisho, alikuwa na mhusika muuza maji. Walipofika kwenye geti, wenzake walitaka kulivunja. Yeye akainua mkono.

“Kwanza niambie,” alisema. “Nguo zake zinaanikwa wapi?”

Mpwa wangu alifunua daftari lake mbele na nyuma. Jibu hakuwa ameliandika. Akainua macho, akaitazama kamba ya uani kwao muda mrefu, na vibanio vyake vitupu.

“Zipo nyuma ya nyumba,” alisema taratibu. “Lakini zinaanikwa usiku.”

Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua dadu.